Nani Kakuambia? Uchambuzi wa Tovuti Zinazogoma Kufunguka

Usiku wa tarehe 12 Oktoba 2009, tovuti za Sweden zilianza kupotea. Hapakuwa na waya uliokatika wala kompyuta iliyozimika. Taasisi inayotunza majina yote yanayoishia na .se ilikuwa ikichapisha orodha yake kama ilivyozoea, ila safari hii programu iliyoiandaa ilisahau kuweka nukta mwishoni mwa majina. Kwa mashine hizi, nukta ya mwisho ni ishara kwamba jina limekamilika. Isipokuwepo, mashine huongeza yenyewe kile inachodhani kimeachwa, na hivyo seva iliyoitwa ns1.mfano.se ikasomeka ns1.mfano.se.se, mahali pasipo popote duniani. Majina yapatayo laki tisa yakakosa mwelekeo kwa mpigo. Kosa liligunduliwa na kusahihishwa katika muda wa saa moja hivi, lakini shida haikuisha saa hiyo. Watoa huduma wa intaneti ambao seva zao zilikuwa zimeshalikariri jibu bovu waliendelea kuwapa wateja jibu hilohilo, mpaka lilipopitwa na wakati au mtu alipoingia na kulifuta kwa mkono.

Ni huko kuendelea kulitoa jibu bovu, wakati lililo sahihi limeshapatikana, ndiko kunakofanya matatizo ya majina ya tovuti yawasumbue hata watu wa TEHAMA wenye uzoefu. Tovuti isipofunguka, sote tunakimbilia kuuliza kama ipo au haipo, na swali hilo halina jibu moja. Kwa dakika ileile tovuti moja inaweza kuwepo kwa mtu wa Arusha na isiwepo kwa mtu wa Mombasa, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Kwa maoni yangu, tatizo la majina ni tatizo la ushahidi kabla halijawa tatizo la mitambo, na utatuzi wake unaanzia kwenye swali ambalo wanazuoni wa hadithi wamelizoea kwa karne nyingi: habari hii umeipokea kwa nani, na yeye aliipokea kwa nani? Isnadi, yaani mnyororo huo wa watoa habari, ikijulikana, penye kasoro huonekana. Isipojulikana, tunabaki kuzima ruta na kuiwasha, tukiomba Mungu.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba, zile ziitwazo anwani za IP, na majina yapo kwa ajili yetu tusioweza kukariri namba. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina yote ya mtandao yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila mwenye kompyuta alilinakili kutoka huko. Mtandao ulipokua, faili likawa zigo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika mfumo wa DNS, ambao ndio tunaoutumia mpaka leo. Siri yake ni kwamba ndani yake hakuna anayejua yote. Kila mmoja anajua wa kumuulizia. Ni kama kumtafuta mtu katika mji usioujua. Ofisi ya kata haimjui unayemtaka, lakini inamjua mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anakuelekeza kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ndiye anayekuonyesha mlango. Jina la tovuti nalo huulizwa hivyo, kuanzia kulia kwenda kushoto: kwanza wanaohusika na .tz, kisha .co.tz, kisha seva za mwenye jina lenyewe. Juu ya wote ziko seva za mizizi, zinazotambulishwa kwa herufi 13 kuanzia A hadi M, ingawa nyuma ya herufi hizo kuna nakala zaidi ya 1,500 zilizotapakaa duniani, zikiwemo za Nairobi na Dar es Salaam.

Simu yako haiendi safari hiyo yenyewe. Huituma seva ya kuulizia, ambayo kwa kawaida ni ya mtoa huduma aliyekuuzia bando, na seva hiyo nayo haiendi kila mara. Hukariri. Kila jibu huja na muda wake wa kuishi uliohesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika tano, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Ndani ya muda huo kila atakayeuliza atapewa jibu lililokaririwa, bila mtu kuinuka kwenda kuhakikisha. Kivinjari kinakariri, simu inakariri, ruta nyingi zinakariri, na seva ya mtoa huduma inakariri. Kati yako na mwenye jina kunaweza kuwa na mashahidi wanne waliopangana, kila mmoja akisimulia alichosikia muda uliopita, na hakuna hata mmoja anayekuambia kwa hiari yake kuwa habari zake ni za jana.

Hapa ndipo kuna kauli moja inayostahili kupingwa. Mtu akihamisha tovuti kutoka kampuni moja kwenda nyingine, mara nyingi huambiwa: subiri saa 48 jina lisambae. Hakuna kinachosambaa. Mabadiliko hayatoki kwa mwenye jina yakatembea kama redio inayorusha matangazo. Yanakaa palepale yalipoandikwa, yakingoja kuulizwa. Kinachotokea katika saa hizo ni kumbukumbu za zamani kufa moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda wake. Hata hizo saa 48 si za kubuni: maelekezo yanayosema jina fulani la .com linatunzwa na seva zipi huwekewa muda wa sekunde 172,800, ambazo ni siku mbili kamili. Tofauti kati ya kusambaa na kufa kwa kumbukumbu inaweza kuonekana ya maneno tu, lakini inabadilisha kazi nzima. Anayeamini kusambaa hukaa akisubiri. Anayejua habari za kumbukumbu hupunguza muda wa rekodi zake kutoka 86400 hadi 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, na siku ya kuhama yenyewe wageni wengi hupotea kwa dakika tu. Huyohuyo anajua pia kwamba hata jibu la “halipo” hukaririwa. Mtu anayefungua jina jipya kabla hajaliandikia rekodi, kwa pupa ya kuona kama limeshakuwa tayari, anaifundisha seva yake kukariri kuwa jina hilo halipo, kisha anashangaa mbona rafiki yake wa mtandao mwingine analiona na yeye halioni.

Tuutazame uchunguzi wenyewe kwa karibu. Duka la vitenge lina tovuti, tuiite mfano.co.tz. Wateja wa Mwanza wanalalamika haifunguki, na mwenye duka, aliyekaa Kariakoo, anawajibu kwamba kwake inafunguka vizuri. Kabla ya kugusa chochote, kwenye kompyuta yoyote iliyoko upande wa walalamikaji, iandikwe nslookup mfano.co.tz. Mistari ya kwanza ya jibu haikutajii tovuti. Inakutajia aliyekujibu, yaani ile seva uliyokuwa ukiitumia miaka yote bila kuijua. Halafu, kabla ya kutoa namba, programu hutanguliza maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba jibu hili halikutoka kwa mwenye mamlaka nalo. Ni tahadhari ya wazi kabisa, na karibu kila mtu huiruka. Kisha iandikwe nslookup mfano.co.tz 8.8.8.8, na hapo unamsimamisha shahidi wa pili, seva ya kuulizia ya Google. Mwisho, kwa nslookup -type=ns mfano.co.tz, tafuta seva zinazotunza jina hilo, uiulize mojawapo moja kwa moja bila mpambe. Sasa una majibu matatu ya kulinganisha. Seva ya jina ikitoa namba mpya na ya mtoa huduma ikitoa ya zamani, hakuna kilichoharibika ila muda haujaisha. Seva mbili za jina lenyewe zikipingana, kosa liko nyumbani kwa mwenye jina, na hakuna ruta ya Mwanza itakayolitibu.

Wanaotumia programu ya dig huona kitu cha ziada kinachopendeza: muda uliobaki. Uliza mara moja, uone 2714. Uliza tena baada ya dakika, uone 2654. Namba inayoshuka hivyo ni alama ya jibu lililokaririwa, kwa kuwa seva yenye mamlaka hutoa kila mara namba kamili, 3600 ikiwa ni 3600. Kwa seva kubwa za umma namba huweza kurukaruka, kwa sababu nyuma ya anwani moja zimejipanga mashine nyingi na kila moja ina kumbukumbu yake.

Na mwenye duka wa Kariakoo? Kauli yake kwamba “kwangu inafunguka” ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Kompyuta yake huenda bado ina mstari ambao fundi aliuandika kwenye faili la hosts wakati wa kuijaribu tovuti, akasahau kuufuta. Faili hilo, mjukuu wa lile la California, bado lipo katika kila kompyuta ya Windows, Mac na Linux, na kwa kawaida hutazamwa kabla ya kuulizwa mtu mwingine yeyote. Mtu anaweza kuishi nalo mwaka mzima akiiona tovuti ambayo wateja hawaioni.

Lugha ya makosa nayo ina isnadi yake. Chrome inapoandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, inamaanisha kuna aliyejibu, na jibu lake ni kwamba jina hilo halipo. Hapo tunakagua herufi, kisha tunakagua kama jina limelipiwa. SERVFAIL ni kitu kingine kabisa: aliyetumwa amerudi mikono mitupu, hajui kama jina lipo au halipo. Ukimya, yaani muda kuisha bila jibu, humaanisha njia ya kumfikia shahidi wa kwanza imekatika, au umekaa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayokungoja ukubali masharti yake kwanza. Kuwatibu wagonjwa hawa watatu kwa dawa moja ni uvivu, ingawa lazima ikubaliwe kuwa vivinjari vyenyewe huchangia kwa kutuonyesha picha za kuchekesha badala ya maelezo.

Wapo watakaosema haya yote ni kujisumbua. Weka 8.8.8.8 kwenye simu, mambo yaishe. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu mara nyingi huwa kweli: kasoro ikiwa kwa seva ya mtoa huduma, kumruka kunatosha. Istanbul mwezi Machi 2014, serikali ya Uturuki ilipoifungia Twitter kwa kuziamuru seva za ndani zitoe majibu ya uongo, watu waliandika namba hizo nne kwa rangi kwenye kuta ili wapita njia wanakili. Lakini muda si mrefu watoa huduma wa Uturuki wakaigeuza hata njia ya kwenda 8.8.8.8, na walioamini wanaongea na Google wakawa wanajibiwa na seva za palepale nchini. Kubadilisha shahidi hakukuondolei wajibu wa kujua ni nani hasa anayekujibu. Kuna gharama nyingine pia. Mashine za ofisini zenye majina ya ndani, kama printa au mfumo wa mishahara, hazijulikani na seva za nje, na ukihamia 8.8.8.8 zinapotea. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha. Wapo wanaoijaza jina la huduma ya kuzuia matangazo, wakasahau. Huduma hiyo ikilala, simu yote inaonekana haina intaneti na lawama zinamwendea mtoa huduma asiye na hatia. Seva kubwa nazo huanguka: 1.1.1.1 ya Cloudflare ilitoweka kwa dakika 62 tarehe 14 Julai 2025, kwa kosa la mipangilio la wenyewe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mafundi wana utani kwamba kosa lolote, mwisho wa yote, ni DNS. Kama utani huo ni kweli, basi isnadi ni mapambo: nenda moja kwa moja kwenye majina. Mwaka 2021 ulitoa kesi mbili ndani ya siku tano, na zinafaa kuwekwa kando kwa kando. Tarehe 30 Septemba Slack, huduma ya mawasiliano ya kazini, walikuwa wakiyatia majina yao saini za usalama za DNSSEC. Kasoro ikajitokeza, wakaamua kurudi nyuma, wakaiondoa rekodi iliyotangaza kuwa majina yao yana saini. Lakini tangazo lenyewe lilikuwa limeshakaririwa kwa muda wa saa 24 na seva nyingi duniani. Seva hizo zikawa zinadai saini ambayo haipo tena, na kila zilipoikosa zikajibu SERVFAIL. Huo ulikuwa ugonjwa wa majina kweli, na ulikuwa ugonjwa wa kumbukumbu.

Siku nne baadaye, jioni ya tarehe 4 Oktoba kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa takriban saa sita. Kila aliyechunguza aliona dalili ileile, SERVFAIL, majina hayapatikani. Seva za majina za kampuni zilikuwa hai. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikuwa imeukata uti wa mgongo unaounganisha vituo vyake vya data, na seva za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, zikafanya kama zilivyofundishwa: zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuzifikia. Wakati huohuo simu na programu zilizokosa jibu zilirudia kuuliza bila kuchoka, hata Cloudflare wakaripoti maswali kwa seva zao yameongezeka mara 30. Aliyekimbilia kusahihisha rekodi za majina asingepata cha kusahihisha. Dalili ilikuwa kwenye majina, ugonjwa ulikuwa kwenye njia, na ni kufuata mnyororo wa watoa habari mmoja baada ya mwingine tu kulikoweza kuvitenganisha viwili hivyo.

Kwetu, kesi ya wazi ya kinyume ni ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hiyo haikuwa shida ya majina, na aliyebadilisha DNS siku ile alipoteza muda wake. Hata hivyo inafichua jambo ambalo wenye tovuti wengi hawalifikirii. Tovuti inaweza kuhifadhiwa kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa msomaji wake, na bado isifunguke wakati nyaya zimekatika, kwa sababu seva zote za jina lake ziko Ulaya au Marekani. Mlango uko jirani, lakini mjumbe wa kukuonyesha amehamia ng’ambo. Kuwa na nakala za seva za mizizi hapa Afrika Mashariki, na ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandao duniani, kuchagua Kenya mwaka 2022 iwe ya kwanza barani kupata kundi lake kubwa la mashine hizo, ni hatua ya maana. Haisaidii kitu kama hatua ya mwisho ya mnyororo bado iko ng’ambo. Kuwa na angalau seva moja ya jina ndani ya ukanda wetu na nyingine nje ni uamuzi wa mwenye tovuti, wala hauhitaji kibali cha mtu.

Limebaki pingamizi la mtu wa kawaida: mimi si fundi, nslookup siijui, nifanyeje? Huyu anayo zana bora mfukoni. Kufungua tovuti kwa Wi-Fi, kisha kuzima Wi-Fi na kuifungua kwa bando, ni kuwasimamisha mashahidi wawili. Kumwomba jirani wa mtandao mwingine ajaribu ni kumsimamisha wa tatu. Anayempigia mtoa huduma akisema “kwa laini yenu haifunguki, kwa laini nyingine inafunguka, na kosa linasoma hivi” amefanya nusu ya kazi. Anayesema “mtandao wenu mbovu” hajamwambia chochote.

Mara nyingi, kasoro haiko hata kwenye mashine. Mkesha wa Krismasi wa 1999 watumiaji wa Hotmail walikwama kwa sababu Microsoft ilikuwa haijalipia jina la passport.com, ambalo Hotmail ililitegemea, na mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Nashville, asiyehusiana na kampuni, ndiye aliyelipa dola 35 kwa kadi yake. Kama Microsoft walisahau, duka la vitenge lina nafasi kubwa zaidi ya kusahau, hasa pale jina liliposajiliwa na fundi kwa barua pepe yake mwenyewe, naye akahama mji. Au pale taarifa za kulipia zinapotumwa kwenye sanduku la barua pepe la jina hilohilo, ambalo jina likizimika nalo linazimika, kwa hiyo onyo la mwisho halimfikii mtu.

Basi mwenye tovuti achukue karatasi leo, ya kawaida, ya kuwekwa kwenye droo. Aandike jina limesajiliwa kwa msajili gani na kwa barua pepe ya nani, linaisha tarehe ngapi, seva zake za majina ni zipi, na namba inayopaswa kutolewa kila jina linapoulizwa. Asiihifadhi kwenye tovuti yenyewe.